Chupa ya Mate kwa Ukoo wa Imrie

Pikipiki ilikata mnyororo kwenye kona ya tatu juu ya Gonja, na Sadock, dereva wangu, akasema tusubiri kidogo. Kauli hiyo nimeisikia kwa lugha nyingi na mara zote ilimaanisha nusu siku, kwa hiyo nikachukua begi langu nikapanda kwa miguu. Upande huu wa milima ya Upare nilikuwa sijawahi kuufikia. Kule Same macho yalikuwa yamezoea miiba, mkonge uliotelekezwa na vumbi jekundu. Hapa palikuwa na maji yanayopita kando ya njia katika mfereji mwembamba, migomba, na harufu ya tangawizi iliyoanikwa juu ya mawe. Wanawake wawili waliokuwa wakiigeuza walinisalimia na kuniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa Beatha, yule nesi mstaafu. Mmoja akamwambia mwenzake jambo kwa Chasu, lugha ya Wapare, wakacheka, kisha akanitafsiria bila kuombwa.

"Nimemwambia, huyu ndiye wa Kijerumani."

Alikuwa sahihi. Siku tatu kabla, mjini Same, nilikaa kupiga soga na Mwalimu Fanueli, mstaafu anayeuza madaftari na kutoa fotokopi karibu na stendi, nikamtajia kwamba niliwahi kuishi Leipzig na kufanya kazi katika nyaraka za zamani za misheni. Akaniuliza kama naweza kusoma mwandiko wa Wajerumani wa kale, ule unaofanana na uzi uliofumuka. Nikasema naweza. Akaacha kuhudumia wateja, akapiga simu milimani.

Beatha alinisubiri mlangoni amesimama wima, kama mtu anayepokezana zamu. Ana miaka sitini na miwili, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kwenye wodi za hospitali ya Kilutheri ya Gonja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba haraka, akaniletea maji na sabuni, akanitazama ninavyonawa mpaka aliporidhika na kucha zangu. Ndipo akaniruhusu kuingia sebuleni. Juu ya meza kulikuwa na vitu vitatu: kitabu kikubwa cha ubatizo kilichofungwa kwenye kanga, ambacho usharika ulimwazima mpaka Jumapili, picha moja ya zamani, na boksi dogo jeupe kutoka Uskoti, lenye stempu za ndege, ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Kwenye kiti cha dirishani alikaa Shangazi Elinaza, mwenye miaka themanini na minne, akimenya njegere kwenye ungo bila kuzitazama.

"Mdogo wangu," Beatha akaniambia, "kabla hujasoma, inabidi ujue unamsomea nani."

Akanisimulia, na mahali alipokosea miaka shangazi yake alimrekebisha.

Bibi yake aliitwa Raheli. Akiwa na miaka kumi na minane alishuka tambarare kufua nguo katika shamba la mkonge, ambako fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mskoti kijana, Alexander Imrie. Raheli alirudi mlimani mwaka 1938 akiwa juu ya lori lililobeba magunia matupu, na mtoto wa miaka minne mapajani, kwa sababu Imrie alikuwa ameitwa kwao akaoe. Mtoto huyo, Zebedayo, ndiye baba yake Beatha. Baada ya miaka miwili mgane mmoja mzee, aliyehitaji mtu wa kumpikia, alimwoa Raheli, na Elinaza akazaliwa katika ndoa hiyo. Elinaza akapata ukoo. Zebedayo hakupata.

Kukosa ukoo katika milima hii si suala la jina tu. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa linalojaa maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yateremke mashambani kwa zamu, ukoo baada ya ukoo. Zebedayo aliitwa kila mwaka wakati wa kuzoa matope ya bwawa. Wakati wa kupanga zamu hakuitwa. Alilima kipande cha mjomba, akamwagilia kwa maji yaliyobaki, na mahindi yake yalinyauka mbele ya macho ya watu ambao matope yao aliyazoa yeye. Alikufa mwaka 1991 akichimbua mfereji wa mtu mwingine. Raheli kwa upande wake, tangu alipompandisha mtoto mlimani abatizwe mwaka 1934, alitengwa na meza ya Bwana miaka kumi na miwili. Kila Jumapili aliyokuwa mlimani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na watoto walijua ni benchi la nani.

Alipostaafu, Beatha alinunua simu nzuri kwa kazi moja tu, kumtafuta Imrie. Alimpata. Alikuwa amekufa zamani, lakini familia yake ilikuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, na ukurasa ulisema aliishi Tanganyika miaka tisa, "kapera mcha Mungu," kisha akarudi Dundee na kuwa mzee wa kanisa kwa miaka arobaini. Sentensi hiyo Beatha anaikumbuka kwa Kiingereza neno kwa neno, na huitamka taratibu sana.

Alimwandikia mjukuu anayetunza ukurasa huo, Colin Imrie, mwalimu mstaafu wa hesabu. Barua zimevuka pande zote mbili kwa miaka miwili. Colin ana adabu. Alifurahi kusikia habari za babu yake, hasa alipoambiwa kuna picha, kwa sababu familia haina hata picha moja ya Imrie akiwa Afrika. Beatha alimtumia nakala ya picha hiyo. Kabla ya kuipiga kwa simu aliweka kifungo cha koti juu ya uso wa Imrie.

Shangazi Elinaza alicheka hapo, kwa mara ya kwanza. "Kifungo cha koti la marehemu mume wangu," akasema. "Aliniomba, nikampa."

Niliitazama picha yenyewe. Kijana wa Kizungu ameketi kwenye ngazi ya baraza, kofia goti moja na mtoto goti la pili, anacheka. Nyuma yake, kwenye kivuli cha mlango, unaonekana mkono wa msichana na ncha ya kanga. Upande wa pili yapo maneno ya Kiingereza kwa penseli, yenye maana ya: mimi na bwana mdogo, Machi 1935.

Ukoo wa Imrie sasa unachapa kitabu cha historia yao. Beatha ameomba jambo moja, kwamba Zebedayo aandikwe humo kama mtoto wa Alexander Imrie. Colin alijibu kwamba yeye binafsi hana pingamizi, ila wanafamilia wamekubaliana kuwa hakuna anayeingia kitabuni bila kipimo cha vinasaba. Akatuma boksi. Ndani yake kuna kichupa. Mtu hutemea mate, hufunga, hurudisha. Boksi lilifika posta ya Same miezi mitano iliyopita, na Beatha hakuligusa. Katika barua ya mwisho Colin aliandika kwamba kitabu kinakwenda kiwandani mwisho wa mwezi ujao, na kwamba wataelewa kabisa ikiwa dada Beatha angependa kutoujua ukweli.

"Dada," Beatha akarudia. "Halafu ukweli. Bibi yangu aliwaambia ukweli mwaka thelathini na nne."

Nilimuuliza kwa nini basi hakutema mate miezi mitano yote hiyo, wakati yeye mwenyewe amechukua vipimo vya maelfu ya watu. Walitazamana na shangazi yake, na mzee ndiye aliyenijibu, kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya choo.

Milimani huku, mzee akikubariki anakutemea mate. Hupiga funda la maji, zamani lilikuwa la dengelua, pombe ya miwa, akakunyunyizia kichwani na viganjani huku akitaja jina lako. Wachungaji walikataza, kisha wakazoea, na wengine wao leo huinamisha vichwa kama watu wengine wanaposafiri. Mwaka 1986 Raheli alipokuwa akifa aliwabariki hivyo wote waliokuwa chumbani. Beatha, aliyemuuguza, akamuuliza na wale wa ng'ambo je. Bibi alifunga mdomo kwanza. Kisha akasema wale wasitemewe mate na mtu yeyote wa tumbo lake, hata waje wamepiga magoti.

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Jina la baba yake lingeingia kitabuni kwa mate tu, na mate yake hayakuruhusiwa kuvuka bahari.

Alikuwa ameniita kwa matumaini ya njia nyingine. Makatibu wa usharika, mmoja baada ya mwingine, walimwambia kwamba katika kitabu cha ubatizo mbele ya jina la Zebedayo imeandikwa baba hajulikani. Lakini pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari mitano ambayo hakuna aliyewahi kuweza kuisoma. Kama mchungaji Mjerumani aliandika jina la Imrie pale, labda Colin angeridhika.

Nilifungua kanga. Ukurasa ulikuwa safi, wino umegeuka rangi ya chai. Nilisoma mara mbili kimya kabla ya kufungua kinywa, na Beatha aliona.

"Soma kama kilivyo," akasema. "Nimeshika watu wakifa."

Nikasoma kwa Kiswahili. "Mama anamtaja Imrie, fundi mkuu wa mkonge. Nilimwita. Alikuja tarehe kumi na mbili Novemba, akaweka mkono juu ya Biblia yangu, akaapa kwamba hamjui mwanamke huyu. Kwa hiyo nimeandika: baba hajulikani. Mama ametengwa. Masikio ya mtoto ni ya Imrie."

Shangazi Elinaza aliacha kumenya. Mimi, kwa aibu yangu, nilitazama masikio ya Beatha, makubwa na yaliyochanua, naye akavuta kitambaa cha kichwa akayafunika. Alichukua picha akaigeuza nyuma. Novemba 1934. Machi 1935. Alihesabu kwa vidole vyake kama anayehesabu mapigo ya mgonjwa.

"Miezi minne," akasema. "Aliapa hamjui, akarudi kwake, Bibi akampikia. Miezi minne, anapakata mtoto na kucheka."

Aliinuka akaenda uani. Tulimsikia akipasua kuni ambazo hazikuhitajika. Shangazi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba katika familia walijua Imrie aliwakana, lakini walidhani aliwakana kwa kukaa kimya, kama wanaume wengi. Kuapa walikuwa hawajui. Na mchungaji, akaongeza, alikuwa na macho, aliyaona masikio, na bado akamtuma msichana benchi la mlangoni. Alisema hayo bila kupandisha sauti, kisha akachukua njegere nyingine.

Beatha aliporudi alikuwa ameshaamua. Hakutaka tena jina peke yake. Alitaka ukurasa huo uchapwe kitabuni, wote, pamoja na tafsiri, ukitazamana na ukurasa wa kapera mcha Mungu. Kila mjukuu wa Imrie atakayefungua kitabu akutane na mkono juu ya Biblia. Na ili wasiweze kusema kuwa ni mtoto wa mtu mwingine, atatema mate.

Nilisema kile nilichoona ni haki kusema, kwamba Colin hakufanya kosa, na kwamba mzee wa watu huenda anampenda babu yake.

"Bibi naye hakufanya kosa," Beatha akanijibu. "Na mimi nampenda."

Ilibaki amri ya marehemu. Beatha alipiga magoti mbele ya kiti cha shangazi yake, mwanamke wa miaka sitini na miwili kwenye sakafu ya saruji, akamuuliza kama kuna namna ya kumtemea mtu mate yasiwe baraka.

Mzee aliuweka ungo sawa mapajani. Kisha akasema baraka huenda na kitu kinywani. Maji, asali, dengelua. Kinywa kimelainishwa kwanza, na moyo pia. Mtu anayetema kwa kinywa kikavu, tangu alfajiri hajala wala kunywa, hajabariki kitu. Huyo anafanya jambo jingine, na yeye Elinaza, akiwa Mkristo, hataki kulitaja kwa jina.

Ndipo Beatha akachukua boksi jeupe, akalipasua kwa wembe wa hospitali, akatoa karatasi ya maelekezo akanipa niisome kwa Kiswahili ili Shangazi naye asikie. Ilikuwa na vichoro vya mtu anayetabasamu. Nikaanza na mstari wa kwanza: usile, usinywe, usitafune chochote kwa nusu saa kabla ya kutema.

Shangazi Elinaza alinitaka nirudie. Niliporudia alicheka mpaka ungo ukamponyoka na njegere zikatawanyika sakafuni, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kumbe nao wana bibi zao," akasema.

Kulipopambazuka Beatha alikuwa tayari ameketi dirishani, hajaonja hata maji tangu chakula cha jioni. Niliambiwa naweza kukaa ili mradi nisiongee. Nilitarajia jambo la dakika moja, kwa kuwa kichupa kina mstari, na mstari hauko juu. Lakini kinywa cha mtu mwenye hasira hukauka. Alitema, akainua kichupa kwenye mwanga kama anavyoinua sindano, akakuta povu tu. Akangoja. Shangazi, kwenye kiti chake, alianza kutaja miaka ya benchi, taratibu, kwa Chasu, mmoja mmoja, na baada ya kila mwaka Beatha alitema. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Katikati alikohoa, shangazi akangoja. Kwenye mwaka wa nane mate yalikuwa bado chini ya mstari, na Beatha akaguna kwamba angalau kanisa lilikuwa na huruma ya kumtenga miaka mingi. Kwenye mwaka wa kumi na mbili alifika mstarini. Alifunga kifuniko, dawa ya bluu ikashuka na kuchanganyika, akaandika tarehe na saa kwa mwandiko wa kwenye chati za wodini.

Kisha akaniambia niandike barua kwa Kiingereza, naye akatamka kwa Kiswahili, Shangazi akisikiliza. Hakutaka salamu. Aliniambia niandike kwamba kipimo hiki hapa, na nakala ya ukurasa wa ubatizo hii hapa; ukurasa alikwisha kuupiga kwa simu, nakala angeichapisha Same njiani. Zebedayo aandikwe kama mtoto, pasiwe na neno lolote linalopunguza. Ukurasa uchapwe wote. Wakikubali, watapata picha bila kifungo, wauone uso wa babu yao alipokuwa kijana, miezi minne baada ya kiapo. Wakikataa, ataichoma, na atawatumia majivu kwa rejista. Nilimuuliza kama anataka kumalizia kwa neno lolote la heshima. Akasema niandike jina lake lote: Beatha Zebedayo Imrie. Alilitazama jina hilo kwenye karatasi kwa muda, kama mtu anayejaribu kiatu, akakunja barua.

Kichupa alikiweka ndani ya chupa ya kubebea chanjo aliyopewa siku ya kuagwa kazini, chupa akaiweka ndani ya mkoba. Alikuwa anakwenda mwenyewe mpaka Moshi, kwenye ofisi ya vifurushi vya ng'ambo, kwa sababu hakuwa tayari kumkabidhi mtu mate hayo. Gari la asubuhi lilikuwa linapita bondeni saa mbili na nusu.

Alipokuwa anafunga viatu, Shangazi Elinaza aliinuka. Mzee huyu hutumia dakika nzima kuinuka. Alichota kikombe cha maji mtungini na kusogea katikati ya sebule, na Beatha akaelewa kabla yangu. Alivua mkoba begani akanikabidhi.

"Toka nao nje," akaniambia. "Nenda mbali. Upite zizi."

Nilitoka mbio kidogo, nimekumbatia mkoba, nikasimama ng'ambo ya zizi la mbuzi, mahali ambapo nilidhani hata tone haliwezi kufika. Kupitia mlango niliwaona. Beatha alikuwa ameinama, viganja wazi mbele. Shangazi yake alipiga funda, akamnyunyizia kichwani, akamnyunyizia mikononi, akataja jina lake na la Raheli na la Zebedayo, na safari ya Moshi kwenda na kurudi. Beatha alijipangusa maji hayo usoni na shingoni, asipoteze hata kidogo. Alikuwa analia, au ni maji.

Alinifuata zizini akiwa amekunja uso tena. Alifuta mikono kwenye sketi mara mbili, mbele na nyuma, mpaka ikakauka kabisa, ndipo akaupokea mkoba. Aliniambia nirudishe kitabu usharikani Jumapili, nisimruhusu katibu akifunge kwa kamba, na nihakikishe Shangazi anakunywa dawa yake ya presha. Sikuwa nimepanga kukaa mpaka Jumapili. Nikasema sawa.

Aliteremka kwa njia ya mfereji, mkoba ameushika mbali na mwili, mkono umenyooka. Wanawake wa tangawizi walimwita, hakuitika. Kwenye kona alipishana na Sadock aliyekuwa anapanda na pikipiki yake iliyotengenezwa. Nilimwona Sadock akimpa ishara apande, naye akikataa kwa kidole. Kisha migomba ikamficha.

Ndani, Shangazi Elinaza alikuwa anarudi kitini kwake, na njegere za jana zilikuwa bado sakafuni.